Nyigu Aliyeitwa Bepari

Katika kisa hiki mjinga alikuwa Mwaija. Tulimalize hilo mapema, maana hata yeye mwenyewe ukimuuliza leo atakujibu hivyo hivyo bila kutafuna maneno. Mjinga alikuwa yeye, tena mjinga mwenye mwandiko mzuri, na hao ndio wa kuogopwa zaidi, kwa sababu watu huwaamini.

Kilianza asubuhi moja iliyokuwa kama asubuhi nyingine zote za mwaka wa 1975. Kengele ya shule, ambayo ilikuwa rimu ya lori iliyofungwa kwa mnyororo, iligongwa kabla jua halijachomoza vizuri. Darasa la sita walikwenda shamba la shule na majembe begani, wakapalilia muhogo mpaka saa mbili, wakanawa miguu kwa maji ya kugawana kikombe kikombe, kisha wakaingia darasani wakinuka jasho na vumbi. Kijiji chenyewe kilikuwa kipya. Mwaka uliotangulia watu walikuwa wamehamishiwa hapo kutoka pande zote: Wazigua waliozoea kukaa mbalimbali mabondeni, na Wamasai waliozoea kuhama na ng'ombe wao. Sasa nyumba zilipangwa mistari kama madawati, na kutoka hapo mpaka barabara ya Mkata ulikuwa mwendo wa saa moja kwa miguu.

Siku hiyo Mwalimu Stefano, aliyefundisha sayansi, aliwapa wanafunzi kazi ya mwezi mzima. Kila wanafunzi wawili wachague wadudu wawili wasio wa kawaida, wawachunguze wanavyoishi, kisha watengeneze chati ya kuwalinganisha. Chati itakayoshinda ingepelekwa Korogwe kwenye maonyesho ya shule, na wenye chati wangepanda lori kwenda nayo.

Hapo ndipo Mwaija aliposhikwa na homa. Korogwe kulikuwa na treni. Binamu yake Fatu alikuwa ameiona, na tangu arudi hakuna mtu aliyepata raha nyumbani: ukimtuma maji anakusimulia treni, ukimpa chakula anakusimulia treni. Mwaija alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na chombo kirefu kuliko vyote alichowahi kuona kilikuwa lori la kubebea magogo.

Tatizo lilikuwa mwenzake. Mwalimu alimpanga na Sironka, mtoto wa wafugaji, kijana mrefu ambaye kuandika sentensi moja kulimchukua muda wa kuchemsha maharage. Wadudu walipatikana bila shida, wote wawili nyumbani kwa bibi yake Mwaija, Bibi Mashavu. Ndani ya nguzo moja nene ya jiko lake walikaa nyuki wadogo, wale wasio na mwiba, waliojijengea kijibomba cha nta mlangoni, chembamba kama mrija. Na ukutani, chini ya paa, nyigu wa udongo alikuwa amebandika vijumba vyake. Nyigu huyo ni mweusi mwenye madoa ya njano, kiuno chake chembamba kama uzi, na wakati wote hukaa peke yake.

Siku ya kwanza walikaa wakatazama. Siku ya pili wakatazama. Nyuki waliingia na kutoka, nyigu hakuonekana kabisa. Siku ya tatu Mwaija aliinuka, akapangusa sketi.

"Mimi nimeshaelewa," alisema.

"Umeelewa nini?" Sironka aliuliza, macho yakiwa bado ukutani.

"Nyuki wanaishi pamoja, wanafanya kazi pamoja, wanakula pamoja. Hao ni wajamaa. Nyigu anakaa peke yake, amejaza chakula ndani, amefunga mlango. Huyo ni bepari. Kazi imekwisha."

Sironka alisema hajaona chakula chochote. Mwaija akamwambia asubiri mpaka aote ndevu, labda ataona. Jioni ile ile akachukua karatasi ya manila na wino wa rangi mbili, akaandika chati nzima. Juu ya nyuki alichora jembe. Juu ya nyigu alichora mtu mnene mwenye kofia na sigara. Na chini, kwa herufi zilizonyooka kama zimechapwa, aliandika: *Tulichunguza kwa siku saba, tukaona nyigu akila peke yake chakula alichowanyonya wengine.*

Jumamosi kukawa na mkutano wa wazazi, na Mwalimu Stefano akawaita wanafunzi waonyeshe kazi walizokwisha anza. Mwaija alisoma chati yake kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Alipofika kwenye neno bepari, Mzee Mdoe, mwenyekiti wa kijiji, alipiga makofi, na wazazi wote wakapiga makofi kwa sababu mwenyekiti amepiga. Mzee Mdoe alisema hii ndiyo elimu yenye maana. Sironka alisimama kando ya chati akitazama vidole vyake vya miguu.

Mwalimu Stefano hakupiga makofi. Alikuwa mtu wa utani, na akinyamaza namna ile wanafunzi wake walijua mvua iko karibu. Alitoa mfukoni kijumba cha udongo, kilichokuwa kimeanguka ofisini kwake siku hiyo hiyo, akauliza kwa upole huyo bepari amefungia nini humu.

"Chakula chake, mwalimu."

"Uliona akikila?"

"Tuliona, mwalimu."

"Wewe na Sironka?"

Mwaija alisema ndiyo. Mwalimu akamkabidhi Mwaija kijumba kile akipasue mbele ya wazazi. Mwaija akakibana kwa vidole, udongo ukavunjika, na mkononi mwake wakaanguka buibui. Walikuwa wengi, wamelegea kama matambara. Mmoja akachezesha mguu. Katikati yao alikuwa buu mweupe, mnene, akimtafuna mmojawapo taratibu bila habari na mkutano.

Mwaija alipiga kelele, akatupa vyote. Buibui mmoja alitua kwenye kanzu ya Mzee Mdoe.

"Sasa huyo anayekula ni nani?" Mwalimu aliuliza, watu walipomaliza kucheka. "Ndiye nyigu?"

"Ni... mtoto, mwalimu."

"Na mwenye nyumba yuko wapi?"

Mwalimu akamwambia Mwaija kwamba mzazi aliyemjengea mtoto nyumba, akamjazia chakula, kisha akaondoka bila kuonja hata kidogo, yeye hajawahi kumsikia akiitwa bepari. Kama ndivyo, hata mama yake Mwaija ni bepari mkubwa. Watu wakacheka tena. Mama yake Mwaija hakucheka. Mwalimu alikunja ile chati mara mbili, akamrudishia, akasema zimebaki wiki tatu.

Njiani Mwaija alimgeukia Sironka kwa hasira. Kwa nini hakumtetea?

"Uliandika nyigu anawanyonya wengine. Anayenyonya ni kupe, na kupe namjua, kwetu nawatoa kila siku kwenye masikio ya ndama," Sironka alisema. "Yule si kupe. Nilikwambia sijaona, ukaniambia nisubiri niote ndevu."

Wiki ya kwanza ya kuanza upya ilikuwa mateso matupu. Kila siku baada ya masomo na shamba Mwaija alikaa mbele ya ukuta wa jiko, moshi ukimwingia machoni, kuku wa bibi yake wakimdonoa vidole, na nyigu haji. Alijaribu kumwita kwa mluzi. Alijaribu kumtisha. Alipaka ukuta maji ya sukari, wakaja sisimizi kutoka kila kona ya kijiji, na Bibi Mashavu akamwambia sukari ile ilikuwa ya mwezi mzima. Upande wa nyuki hakukuwa na nafuu. Kila akisogeza uso karibu na nguzo walimwingia kwenye nywele, puani na masikioni, wakajing'ang'aniza humo. Hawana mwiba, kweli, lakini mtu mwenye nyuki sita sikioni haoni faida yake.

Usiku alilala na njaa na hasira, na asubuhi aliamka navyo vyote viwili. Daftari lake lilikuwa na mstari mmoja: *Leo hakuja.* Mstari huo aliuandika mara tano.

Siku ya sita aliangua kilio. Alimwambia Sironka kwamba huyu nyigu anawafanyia makusudi, na kwamba yeye Mwaija ataandika anachotaka, liwalo na liwe.

Sironka alifikiri kidogo. Kisha akauliza nyigu anajengea nini.

"Udongo. Kwani huoni?"

"Udongo mkavu haushikani. Kiangazi hiki udongo uliolowa uko wapi?"

Mwaija aliacha kulia. Kijiji kizima kilikuwa kikavu kama kigae. Palipokuwa na tope ni mahali pamoja tu, kwenye lambo, pale ng'ombe wanaponyweshewa.

Walikwenda mbio. Sironka alimketisha Mwaija mahali ambapo upepo haukuvuma kutoka kwao kwenda kwenye tope, akamwambia asicheze. Wafugaji wana namna yao ya kutazama: hawakodolei kitu kimoja, wanaacha macho yatulie kwenye eneo zima mpaka kitu chenyewe kijitokeze. Mwaija alijaribu, akasinzia, akajaribu tena. Jua likiwa limeegemea magharibi, akamwona. Nyigu alitua pembeni ya alama ya ukwato wa ng'ombe, mkia juu, akaanza kukwangua tope kwa mdomo huku akiimba wimbo mwembamba wa mabawa. Alifinyanga kidonge cha ukubwa wa punje ya mtama, akapaa nacho kuelekea jikoni kwa Bibi Mashavu.

Tangu siku ile waligawana kazi. Mmoja alikaa lamboni, mwingine ukutani. Walihesabu vidonge: kijumba kimoja kilihitaji ishirini na tisa. Walimwona nyigu akirudi na buibui, amemkumbatia kwa miguu, akamsukuma ndani. Kijumba kilipojaa akakifunga kwa tope, akaanza kingine ubavuni mwake. Walipasua kimoja tu kwa ajili ya sayansi, wakakuta buibui kumi na mmoja, wote hai, ila hawawezi kwenda popote. Bibi Mashavu alisema nyigu huwachoma mwiba wa kuwalegeza, si wa kuwaua, ili nyama isioze kabla mtoto hajaamka. Mwaija aliuliza mbona hakumwambia mapema. Bibi akajibu kuwa hakuulizwa. Aliyekuja jikoni kwake alikuwa na chati tayari.

Na nyigu mwenyewe anakula nini? Hilo liliwachukua siku nne. Walimkuta kwenye maua ya mchongoma, akilamba. Buibui wote wale hakuwa akionja hata mguu.

Kwenye nguzo nako walipata mambo. Walijifunza kuwatambua walinzi, wale nyuki wachache wanaokaa kwenye mdomo wa kijibomba wakichungulia kila anayeingia. Bibi aliwafunulia ufa nyuma ya nguzo, wakaona asali haimo kwenye masega kama ya nyuki wakubwa, bali kwenye vijungu vidogo vya nta vilivyosongamana kama zabibu. Aliwaonjesha tone moja moja. Ilikuwa na utamu wenye uchachu, na ndiyo aliyowapa wajukuu wake wakikohoa.

Mwaija akaanza kufurahi. Alikuwa tayari na sentensi yake nzuri kuhusu nyuki wanaopendana. Kisha ikaja Alhamisi ya wiki ya tatu.

Walipofika nguzoni walikuta vurugu. Nyuki wengine, weusi zaidi na wadogo zaidi, walikuwa wamevamia. Walinzi walikuwa wameumana nao, wawili wawili, wakianguka chini bila kuachiana. Wavamizi waliingia ndani mistari kwa mistari, wakatoka na asali na nta, wakapaa nazo. Mpaka saa kumi na moja chini ya nguzo palikuwa na maiti kama ungaunga mweusi.

Mwaija alifunga daftari.

"Hii hatuandiki," alisema. "Wanyang'anyi nao ni nyuki wadogo. Nao wanaishi pamoja. Nao wanafanya kazi pamoja. Itaharibu chati yote."

"Umeona?" Sironka aliuliza.

"Nimeona."

"Basi andika."

"Sironka, hatutafika Korogwe."

Sironka alinyoosha mkono, akaomba kalamu. Akaanza kuandika mwenyewe, herufi moja baada ya nyingine, ulimi umetoka nje kwa jitihada. Alipofika neno la tatu Mwaija hakuvumilia tena. Alimnyang'anya kalamu akaandika yote: walinzi, wavamizi, maiti, na saa. Aliandika huku akilia kwa hasira, na mwandiko wake siku hiyo ulikuwa mbaya.

Siku mbili kabla ya lori kuja, kijumba kimoja cha zamani kilitobolewa kutoka ndani. Nyigu mchanga alitoka, akasimama ukutani akijikausha, akaruka. Mama yake hakuwepo kumpokea. Hawakupata kuonana kamwe. Mwaija aliliandika hilo nalo, na hakuchora kofia wala sigara.

Chati mpya ilibandikwa ukutani ofisini. Mwalimu Stefano aliisoma kwa muda mrefu, akarudia, akasema inakwenda. Lakini karatasi za safari zilitiwa muhuri na mwenyekiti, na Mzee Mdoe alipoisoma uso wake ulibadilika. Aliuliza bepari yuko wapi. Aliuliza mwisho wa chati uko wapi, maana chati lazima iwe na funzo. Huko Korogwe kutakuwa na viongozi. Watasoma kwamba anayekaa peke yake anawalea watoto vizuri, na wanaokaa pamoja wanaibiana? Alimwita Mwaija, akamwambia kwa sauti ya baba kwamba aongeze mistari miwili tu ya kuwasifu nyuki, na ule mkasa wa wizi aufute. Akifanya hivyo muhuri utagongwa sasa hivi.

Ofisini walikuwamo mwalimu, watoto wawili, na Bibi Mashavu aliyekuwa ameleta kidumu cha maji ya safari. Wote walimtazama Mwaija. Kalamu ilikuwa mezani. Mistari miwili ingemchukua dakika moja, na mbele yake ilikuwa treni.

"Ndugu mwenyekiti," Mwaija alisema, "sifa hizo hatukuziona."

"Mtoto, si lazima uone kila kitu."

"Mara ya kwanza niliandika nisichokiona, mzee. Ukanipigia makofi. Na ilikuwa uongo."

Mzee Mdoe alimgeukia mwalimu, akamuuliza kama hiyo ndiyo adabu anayowafundisha. Mwalimu Stefano alivua miwani, akaifuta kwa shati.

"Ninawafundisha kutazama kwanza na kuandika baadaye," alisema. "Mdudu hajui siasa, mwenyekiti. Hajajenga ili atusifu wala atukosoe. Mtu akitaka kujifunza kwake, amwandike alivyo, hata kama kunamuudhi. Akiandika anavyopenda yeye, hajajifunza kitu, na kila atakayesoma baada yake atapotea pamoja naye. Watoto hawa wamekaa wiki tatu kwenye moshi ili wajue hilo. Mimi siwezi kuwaomba walisahau kwa dakika moja."

Mwenyekiti hakukubali. Alisema maneno ya darasani ni ya darasani, na nje kuna heshima ya kijiji. Kwamba chati ni karatasi tu, na karatasi iliyoandikwa vizuri haijamdhuru mtu yeyote. Walibishana mpaka chai ya mwalimu ikapoa.

Nisikuweke roho juu. Chati ilikwenda. Kesho yake alfajiri aliyeipandisha kwenye lori alikuwa Mzee Mdoe mwenyewe, ameikunja vizuri asiipe makunyanzi. Huko Korogwe haikushika nafasi ya kwanza. Hiyo waliichukua watoto wa shule ya Vugiri na kabichi zao. Na treni Mwaija aliiona, ya mizigo, imejaa katani, imesimama. Alisubiri nusu siku iondoke, haikuondoka, na safari hii hakudai kwamba aliiona ikienda.

Ila unachotaka kujua ni kilichomfunga mdomo mwenyekiti. Alikuwa ameinua kidole, akirudia kwamba karatasi haimdhuru mtu, Bibi Mashavu alipoweka kidumu chake chini. Alikuwa amembeba Mdoe mgongoni alipokuwa mchanga, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kumwita ndugu mwenyekiti.

"Mdoe, mwanangu," alisema. "Mwaka jana tulilima ekari ishirini za muhogo, wewe ukaandika mia. Wilayani wakasoma, wakaona tumeshiba, na lori la unga wa msaada likapita hapa bila kusimama. Karatasi yako bado iko kabatini. Itoe niipike, tuone itatosha watu wangapi."